Istilahi za Vipimo vya Damu katika Ufu wa Utando

Miongoni mwa maradhi ambayo majina yake huwatatiza wafasiri wa maandishi ya uganga ni yale maambukizo yanayopita chini ya ngozi, kwenye utando unaofunika misuli, na kuua tishu laini kwa muda wa saa chache. Magazeti hupenda kutaja "bakteria mla nyama". Jina hilo latisha, lakini halielezi. Bakteria hao hawatafuni nyama. Sumu zao huharibu tishu na kusababisha mishipa midogo ya damu kuziba, na tishu zilizokosa damu hufa.

Mtu aweza kudhani kuwa neno letu la zamani, donda ndugu, lingetosha. Sisi hatuoni hivyo. Donda ndugu ni kidonda kilicho wazi, nacho huchimba mwili polepole. Katika maradhi haya ngozi yaweza kuwa nzima siku ya kwanza, ina wekundu kidogo tu, na juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Ilhali mgonjwa analia kwa maumivu yasiyolingana kabisa na kile kinachoonekana. Kwa hiyo twapendelea "ufu wa utando", kutokana na kitenzi kufa. "Uozo" haufai, maana uozo huja baadaye, wakati ambapo mgonjwa amekwisha kuchelewa.

Kwa kuwa jicho halitoshi, madaktari wamegeukia damu. Mwaka 2004 Chin-Ho Wong na wenzake, huko Singapore, walichapisha utaratibu wa kujumlisha alama kutokana na vipimo sita vya kawaida vya maabara. Protini iitwayo C, ambayo tutaieleza hivi punde, ikifika miligramu 150 kwa lita moja hupewa alama 4. Chembechembe nyeupe zikizidi, himoglobini ikipungua, sodiamu ikishuka chini ya 135, au kreatinini ikipanda kwa sababu figo zimeelemewa, kila kimoja chaweza kufikisha alama 2. Sukari ikizidi kiwango huongeza 1. Jumla ya juu kabisa ni 13. Mgonjwa afikishaye 6 hushukiwa. Akifikisha 8, shaka huwa kubwa.

Sasa hiyo protini. Hutengenezwa na ini mwili unaposhambuliwa, nayo iligunduliwa mwaka 1930 kwa sababu iliitikia kitu kilichoitwa C katika bakteria wa kichomi. Herufi hiyo haihusiani na vitamini. Mfasiri akifupisha na kuandika "protini C" atakuwa ametaja kitu kingine kabisa, yaani protini inayozuia damu isigande ovyo. Tunapendekeza "protini mwitikia-C": jina refu kidogo, lakini halimpotezi mtu wa maabara.

Hata hivyo istilahi hizi zote hazina hatari kama kitenzi kinachoziunganisha. Mara nyingi husemwa kwamba kipimo "chathibitisha" ugonjwa. Alama hizi hazithibitishi, zaashiria. Tathmini ya tafiti nyingi iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa kikomo cha alama 6 kiliwanasa takriban wagonjwa 68 tu katika kila 100 waliokuwa na ufu wa utando. Waliosalia, karibu theluthi moja, walikuwa na majibu yenye kutuliza moyo huku tishu zao zikifa. Uthibitisho hupatikana kwa kisu cha mpasuaji, anapokuta utando wa kijivu usiotoa damu, na kidole chake kikapenya kati ya tabaka bila kizuizi.

Vilevile tahadhari na "kuondoa ugonjwa". Wako wanaotumia maneno hayo kwa maana ya kuhakikisha kwamba ugonjwa haupo, lakini muuguzi asomaye Kiswahili atafahamu kuwa mgonjwa ameponywa. "Kukanusha" ni bora zaidi.

Kwa mfano, agizo la wodini laweza kuandikwa hivi: "Alama 6 au zaidi zaashiria ufu wa utando. Alama chini ya 6 hazikanushi kuwapo kwake. Mgonjwa mwenye maumivu makali yasiyolingana na hali ya ngozi yake aonwe na mpasuaji mara moja, bila kungoja majibu ya maabara."