Modemu Yenye Sura Mbili: Namna Modemu ya USB Inavyotambuliwa katika Mfumo wa Linux

Makala haya yanafafanua kwa nini modemu ya USB inayofanya kazi bila taabu katika Windows huonekana kana kwamba imekufa inapochomekwa kwenye kompyuta yenye Linux, na hatua zinazoiwezesha kufanya kazi. Hoja inayojengwa ni kwamba, mara nyingi, chanzo cha tatizo si mtandao wa simu wala si kukosekana kwa kiendeshi, yaani programu inayokiunganisha kiini cha mfumo na kifaa. Chanzo ni namna kifaa chenyewe kinavyojitambulisha. Jambo hili lina uzito kwa mtafiti aliyeko uwandani, ambaye rekodi zote za mahojiano zimo katika kompyuta moja na hana njia nyingine ya kutuma nakala chuoni. Akiambiwa kwamba modemu ni mbovu, huenda akanunua nyingine ya aina ileile, nayo ikawa na tabia ileile.

Tuchukue mfano wa Huawei E1550. Ndani yake mna sehemu ndogo ya kumbukumbu iliyohifadhi programu ya usakinishaji, kwa kawaida ya Windows. Inapochomekwa, modemu hii hujitambulisha kwanza kuwa ni kifaa cha kusomea CD. Nia ya watengenezaji ilikuwa njema: mtumiaji asihitaji kubeba diski ya usakinishaji. Katika Windows, programu hiyo ikishasakinishwa, huipelekea modemu ujumbe mfupi wa kuiamuru ibadili sura, ndipo modemu halisi hujitokeza. Linux haiiendeshi programu hiyo. Kwa hiyo, kama hakuna kingine cha kupeleka ujumbe huo, kifaa hubaki CD hadi kitakapochomolewa.

Ushahidi hupatikana kwa amri `lsusb`. Kabla ya kubadilika, E1550 huorodheshwa kwa utambulisho `12d1:1446`; baada ya kubadilika huwa `12d1:1001`. Sehemu ya kwanza ni namba ya mtengenezaji, nayo haibadiliki. Ya pili ni namba ya kifaa, na hiyo ndiyo ya kutazamwa. Inafaa kutahadharisha hapa kwamba kuonekana kwa diski kwenye skrini si kigezo cha kutosha, kwa sababu modemu nyingi zina nafasi ya kadi ya kumbukumbu ambayo huendelea kuonekana hata baada ya mabadiliko. Kigezo ni namba.

Kazi ya kupeleka ujumbe huo hufanywa na programu `usb_modeswitch`, iliyoandikwa na Josua Dietze. Programu hii hutumia orodha ya tambulishi za modemu, na kwa kila modemu, ujumbe unaoifaa. Ikishasakinishwa, huitwa na mfumo wenyewe kila modemu inapochomekwa. Ugumu ni kwamba anayeihitaji ndiye asiye na intaneti ya kuipakulia. Katika Debian na jamaa zake, vinahitajika vifurushi viwili, `usb-modeswitch` na `usb-modeswitch-data` (si vifurushi vya kampuni za simu!), pamoja na maktaba vinazozitegemea. Hivi ni vya kuchukuliwa kwenye flashi kabla ya safari. Aliyekwisha kufika uwandani bila navyo anaweza kujaribu amri `eject /dev/sr0`, kwani baadhi ya modemu hubadilika zinapoamriwa kutoa CD. Kama kompyuta ina kisoma CD chake, modemu huenda ikawa `/dev/sr1`.

Sura ikishabadilika, yaliyobaki ni mepesi kiasi. Kiendeshi `option`, kilichopewa jina la kampuni ya Ubelgiji ambayo kadi zake ndizo zilizohudumiwa nacho kwanza, huishika modemu na kufungua milango kama `/dev/ttyUSB0` na `/dev/ttyUSB1`. NetworkManager, kwa msaada wa ModemManager, humwuliza mtumiaji nchi, kampuni ya simu na APN, kisha huunganisha.

Muunganisho ukikataa, ni vema kuzungumza na modemu moja kwa moja kupitia `minicom`, kwa amri za AT zenye asili yake katika modemu ya Hayes ya mwaka 1981. ModemManager isimamishwe kwanza, maana programu mbili zikiushika mlango mmoja, majibu huvurugika. `AT+CPIN?` ikijibiwa `SIM PIN`, laini inadai namba ya siri, na hakuna mpangilio wa APN utakaosaidia kabla haijatolewa. `AT+CSQ` hutoa nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha 0 hadi 31, ambapo 0 ni dBm -113 au chini yake na kila hatua huongeza 2. Jibu la 14, kwa hiyo, ni dBm -85, nguvu inayotosha kwa kazi ya kawaida. Jibu la 99 humaanisha kwamba nguvu haikuweza kupimwa.

Maelezo hayo ya milango na APN hayazihusu modemu za Huawei za aina ya HiLink. Hizi nazo huanza kama CD, kwa mfano `12d1:1f01`, lakini zikibadilika huwa `12d1:14dc` na kuonekana kama kadi ya mtandao wa waya. Modemu yenyewe ndiyo inayopiga simu. Katika Linux hakuna `ttyUSB` ya kutafuta wala APN ya kujaza. Mipangilio yote hufanywa kwa kivinjari, kwenye anwani `192.168.8.1`.