Kilomita 5,000 za Vumbi na Matope

Kwa miaka mingi, malori mengi yaliyotoka Mombasa na Dar es Salaam yalimalizia safari katika maghala ya MAGERWA huko Gikondo, mjini Kigali. Dereva aliyefika hapo alikuwa amekwisha kupita zaidi ya kilomita 1,400 za milima, mvua na usingizi wa mapande. Jamaa zake nyumbani hawakuuliza aliliendesha lori kwa kasi gani. Waliuliza jambo moja tu: je, amefika salama?

Swali hilo ndilo linalobeba uzito wa sinema ya Kijapani ijulikanayo kwa jina la Safari 5000. Sinema hiyo, iliyoongozwa na Koreyoshi Kurahara, ilitolewa mwaka 1969 na huchukua karibu saa tatu. Yujiro Ishihara anacheza kama dereva wa mashindano ambaye, baada ya kuumia vibaya katika ajali, anarudi tena kwenye usukani na kuja kushindana katika Safari ya Afrika Mashariki. Ruriko Asaoka ni mwanamke anayempenda, naye hana budi kuishi na hofu ya kumpoteza. Toshiro Mifune, mchezaji mashuhuri duniani, yumo pia.

Kisa hicho hakikubuniwa chote. Kilitokana na kitabu kuhusu timu ya Nissan, ambayo gari lake aina ya Datsun lilishinda katika daraja lake kwenye Safari ya mwaka 1966.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika, katika barabara za kawaida zisizofungwa. Ng'ombe, mabasi na watembea kwa miguu walikuwamo humo humo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404.

Hapana shaka wengi walioshindwa walikuwa na magari yenye mbio. Lakini gari lenye mbio likizama matopeni halina tofauti na jiwe. Aliyefika ni yule aliyejua kupunguza mwendo mbele ya mto uliofurika, aliyemsikiliza msoma ramani wake, na ambaye mafundi wake walikaza kila nati kabla ya safari. Wajapani walijifunza hayo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller waliwapatia Datsun ushindi wa kwanza wa jumla.

Rwanda nayo ina mashindano yake, Mountain Gorilla Rally, ambayo yamewahi kuhesabiwa katika ubingwa wa Afrika. Vijana wanaoyashangilia hupenda kuona vumbi na kusikia ngurumo.

Askari anayeendesha gari la kikosi, na dereva anayepandisha mteremko wa Gikondo na mzigo, hawapewi kikombe wala shada la maua. Hata hivyo kazi yao ni ile ile: kukagua breki, tairi na maji kabla ya kuondoka, kupumzika macho yanapolemewa, na kumheshimu mwenzi aliye kando. Nyumbani sufuria ya chakula imefunikwa, na watoto wamekataa kulala mpaka wausikie mlango.