Seli Inajuaje Kwamba Lehemu Imepungua? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba lehemu, au kolesteroli, haiji mwilini kwa nyama na mayai tu: sehemu kubwa mwili hujitengenezea wenyewe. Leo tuingie ndani ya seli moja.

Seli imefunikwa na utando wa mafuta wa tabaka mbili, mwembamba mno. Kila molekuli ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, nazo hazitulii. Huteleza na kupishana kama watu sokoni. Lehemu hujichomeka katikati yao. Kichwa chake kidogo huelekea kwenye maji, na mwili wake, pete nne ngumu zilizoungana, hujibana kwenye mikia. Joto likipanda, pete hizo huizuia mikia isichezecheze ovyo. Baridi ikiingia, huitenganisha isigandamane kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai. (Lehemu ndilo neno la fundi anayeunga bati, na kwa kazi hii sioni kama limekosewa.)

Katika utando wa nje, lehemu hukaribia theluthi moja ya molekuli zote za mafuta. Ikipungua, utando huvuja. Ikirundikana, seli hufa. Tena mwili hauwezi kuzivunja zile pete nne. Njia yake kuu ya kuitoa lehemu ni kupitia ini na nyongo.

Basi kipimo kiko wapi? Ungedhani kiko pale penye lehemu tele. Kumbe kiko ndani, kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu, ambako lehemu ni haba. Kijiko cha chumvi ukikimwaga baharini hakuna atakayejua; kitie kwenye kikombe cha maji, ulimi utakwambia.

Kwenye utando huo imefungwa protini iitwayo SREBP, pamoja na msindikizaji wake, SCAP. Lehemu ya hapo ikishuka chini ya asilimia 5 hivi, SCAP huisindikiza SREBP hadi kwenye vifuko vya Golgi, na huko vimeng'enya viwili huikata, kimoja baada ya kingine. Kipande kinachobanduka huingia kwenye kiini na kuamsha jeni: za kutengeneza lehemu mpya, na ile ya vipokezi vinavyonasa chembe za LDL, zinazosafirisha lehemu katika damu. Lehemu ikijaa, huishika SCAP yenyewe. Protini ya tatu, Insig, huizuia isiondoke, na kazi husimama.

Mlango wa elimu hii ulifunguliwa na watoto wagonjwa. Michael Brown na Joseph Goldstein, wa Dallas, Texas, walichunguza ugonjwa wa kurithi ambapo mtoto aliyepata kasoro kwa baba na kwa mama huweza kupatwa na mshtuko wa moyo kabla ya kufika miaka 20. Watoto hao hawakuwa walafi. Seli zao zilikosa vipokezi vya LDL vinavyofanya kazi, kwa hiyo damu ilifurika lehemu huku seli zikiendelea kutengeneza nyingine kana kwamba zina njaa. Mwaka 1985 wataalamu hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Statini, dawa za kushusha lehemu kwenye damu, zinatumia kipimo kile kile cha ndani ya seli. Ya kwanza ya aina hiyo ilipatikana Japani miaka ya 1970, Akira Endo alipoitoa kwenye ukungu wa jamii ya Penicillium. Statini hufunga kimeng'enya kimoja katika njia ya kutengeneza lehemu. Seli ya ini, ikiona imepungukiwa, huongeza vipokezi na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Wanaodhani dawa hizi hukwangua mishipa kama brashi wanakosea.

Na zile chupa za mafuta ya kupikia zilizoandikwa kwamba hayana kolesteroli? Ni kweli, lakini mimea karibu haina lehemu kabisa, kwa hiyo lebo haijakwambia kitu. Wiki ijayo tutaona kwa nini mafuta ya nazi, ambayo nayo hayana lehemu, huweza kuipandisha kwenye damu.