Darsa bila bando: seva ndogo kwa ajili ya jamaa zetu Mbulu



Zipo familia Unguja na Pemba zenye jamaa Mbulu, Dongobesh na Katesh. Wakitaka kuwatumia darsa, kila mmoja huko hushusha ile ile kwa bando lake. Kama watu thelathini wanaswali msikiti mmoja, darsa moja imelipiwa mara thelathini. Afadhali ishushwe mara moja, ikae katika seva ndogo msikitini, na wengine waichukue kwa simu kupitia ruta, hata kama ruta hiyo haina intaneti.

Sauti iliyokwisha kurekodiwa haibadiliki. Seva haina cha kuhesabu wala cha kutunga. Inachukua faili na kumpa aliyeomba, basi. Kwa hiyo programu nyepesi kama lighttpd, iliyoanzishwa na Jan Kneschke wa Ujerumani mwaka 2003, inatosha, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi au laptop kuukuu inaibeba bila shida.

Baada ya kuiweka, fungua faili la mipangilio, /etc/lighttpd/lighttpd.conf, na uandike folda ya darsa:

server.document-root = "/srv/darsa"
index-file.names = ( "index.html" )

Folda hiyo lazima isomeke na mtumiaji www-data, la sivyo msikilizaji atakutana na kosa 403. Kabla ya kuiwasha upya, kagua kwa amri lighttpd -tt -f /etc/lighttpd/lighttpd.conf, maana nukta moja ikikosewa seva haitawaka. Majina ya faili yawe mafupi, bila nafasi. Kwa Linux, Darsa1.mp3 na darsa1.mp3 ni faili mbili tofauti. Hapa wengi hukwama. Na simu ikilalamika kwamba Wi-Fi haina intaneti, mwambie mwenyewe akubali kubaki humo humo.

Sasa lile lililotufanya tuandike. Kompyuta ya msikiti mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayohifadhi maswali ya waulizaji: dada anayeuliza kuhusu talaka, kijana anayeuliza kuhusu deni la marehemu baba yake. Ukiandika dir-listing.activate = "enable", kila aliyeunganishwa ataona orodha ya faili zote katika folda isiyo na ukurasa wa index. Mji mdogo, watu wanajuana. Jina la faili peke yake linatosha kumfedhehesha mtu.

Wapo wanaodhani kuizima orodha kunatosha. Hakutoshi. Orodha ikizimwa, faili bado linatolewa kwa yeyote atakayelijua au kulibahatisha jina lake. Maswali ya watu yakae nje kabisa ya /srv/darsa, na bora zaidi katika kompyuta nyingine. Suratul-Hujuraat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Anayeacha siri ya mwenzake wazi amewafungulia mlango wapelelezi, na aliyekabidhiwa swali amekabidhiwa amana.

Kama tayari mmeweka seva ya namna hii, ingieni leo kwa simu ya mtu mwingine, mfungue folda moja moja, muone kinachoonekana.

Wa Allaahu A'lam.