Kibanda cha Kukunja na Kubeba

Wengi wetu tuna vijana waliokwenda mjini kutafuta riziki. Ukifika Mwananyamala, Dar es Salaam, utawakuta wengine kando ya barabara. Hapa meza ya mitumba, pale turubai la mama ntilie. Usiku mahali pale panabaki wazi. Kwa nini?

Mahali pale si pao. Barabara ni ya wote. Mwezi Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza wafanyabiashara wadogo wapangwe vizuri. Mwezi Oktoba vibanda vingi vya kando ya barabara za Dar es Salaam vikabomolewa. Kibanda kilichopigiliwa misumari hakihami. Kikivunjwa, mbao hupasuka na bati hutoboka. Mtaji umekwenda! Lakini kibanda cha kukunja huondoka na mwenyewe.

Jambo hili si geni. Warendile wa kaskazini ya Kenya hufuga ngamia, na huhama kufuata malisho. Wanawake hufungua fito na mikeka ya nyumba, wakavipakia juu ya ngamia. Wakifika, hufunga tena fito zile zile. Siri yao ni kamba. Kilichofungwa hufunguka.

Basi, tutengeneze kibanda chetu.

1. Miguu. Chukua mbao nne zenye urefu sawa. Panga mbili zikatane kama mkasi uliofunguliwa. Zifunge katikati kwa bolti na nati. Fanya hivyo kwa mbili zilizobaki. Unganisha ncha za juu za jozi hizo kwa mbao mbili za kulala. Funga kamba chini ili miguu isitanuke mno. Sasa miguu itakunjika kama kitanda cha safari.

2. Uso wa meza. Tumia mbao nyepesi mbili zilizoungwa kwa bawaba. Zikikunjwa, zinabebeka kwapani.

3. Paa. Funga turubai kwenye nguzo nne kwa kamba. Nguzo za mbele ziwe ndefu kuliko za nyuma, maji ya mvua yateremke. Usichimbe barabara. Funga kila nguzo kwenye dumu la maji. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20. Upepo ukizidi, teremsha turubai upesi.

Mama ntilie, jiko liwe mbali na turubai. Maji ya madumu usiyamalize, kwani moto hauna hodi.

Lakini tusidanganyane. Kibanda cha kukunja huokoa mali, hakimpi mtu haki ya mahali. Kwanza uliza ofisi ya serikali ya mtaa mahali palipotengwa. Usizibe mtaro, na waachie njia wapita kwa miguu.

Nasi wa vijijini kibanda hiki kinatufaa. Leo mnada uko kijiji hiki, kesho kijiji kingine. Kifunge nyuma ya baiskeli, twende!

Mambo ya kujadiliana

1. Kwa nini kamba na bolti ni bora kuliko misumari kwa mtu anayehama?

2. Katika mnada wenu, mvua ikinyesha bidhaa hufichwa wapi?

3. Mfanyabiashara anataka riziki, mpita njia anataka nafasi. Kijiji chenu kiwapange vipi wote wawili?