Je, Wajua? Hewa Inavyomshikia Seremala Ubao

Maseremala wengi hushika ubao kwa jiliwa au kibano cha skrubu. Wapo pia wanaoushika kwa ombwe: pampu huondoa hewa chini ya ubao, nao ukaganda mezani, juu pakabaki peupe kwa randa, msasa na routa. Je, wajua kwamba…

• Ombwe lenyewe halivuti kitu? Kinachobana ni hewa iliyo juu ya ubao. Usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa takriban kilo 1. Hatuuhisi mzigo huo kwa kuwa unasukuma kutoka pande zote.

• Kipande cha sentimita 30 kwa 30 kinaweza kubanwa kwa kilo 720? Eneo lake ni sentimita za mraba 900, na pampu nzuri hupata kama kilo 0.8 kwa kila moja. Kipande cha sentimita 5 kwa 5 hupata kilo 20 tu, ndiyo maana vipande vidogo huwasumbua mafundi.

• Hakuna pampu, hata ya bei ya kutisha, inayoweza kupita kilo 1.03 kwa sentimita ya mraba usawa wa bahari? Hicho ndicho kiasi chote cha hewa kilichopo juu yetu. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza eneo.

• Pampu ileile hubana vizuri zaidi Dar es Salaam kuliko Nairobi? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu moja ya tano.

• Mwaka 1657, mjini Magdeburg, Ujerumani, farasi 16 walivutana na hewa? Otto von Guericke, meya wa mji na mbunifu wa pampu ya hewa, aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba na kuondoa hewa ndani. Farasi 8 walivuta kila upande. Kumbe 8 wangetosha: upande wa pili ungefungwa ukutani, nguvu ingekuwa ileile.

• Ni rahisi kuutelezesha ubao ulioshikwa kwa ombwe kuliko kuung'oa? Kuung'oa ni kupambana na hewa yote, lakini kuusogeza ni kushinda msuguano tu. Fundi mzoefu hutandika mpira chini na kuweka vizuizi vidogo ukingoni.

• Si kila sponji inafaa kuzibia hewa pembeni mwa ubao? Vitundu vya sponji ya godoro vimeungana, hewa inapita. Inayotakiwa ni yenye viputo vilivyofungwa kila kimoja peke yake, kama soli ya kandambili.

• MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa, hupitisha hewa? Kwenye mashine zinazoongozwa na kompyuta, hutandikwa mezani kwa makusudi ili ombwe lipenye hadi kwenye kazi. Kwanza hukwanguliwa nyuso zake mbili, ambazo zimeshindiliwa zaidi, kisha kingo huzibwa kwa rangi au gundi.

• Unaweza kupuliza hewa kupitia kijiti cha mwaloni mwekundu wa Marekani? Chovya ncha moja majini, puliza nyingine, utaona mapovu. Mwaloni mweupe vinyweleo vyake vimeziba, ndiyo maana hutengenezewa mapipa ya pombe. Kwa hiyo ubao mmoja hushikika vyema kwa ombwe, mwingine huvuja.

• Kuna pampu ya ombwe isiyo na mota? Upepo wa kompresa hupita kwa kasi kwenye tundu jembamba na kufyonza hewa ya pembeni. Njia hiyo ina jina la Mwitaliano Giovanni Battista Venturi. Ubaya wake ni mmoja: hula upepo mwingi.

• Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani hupata kama moja ya tano tu ya nguvu ya hewa? Isitoshe, mota ya mashine nyingi za aina hii hupozwa na hewa inayopita ndani. Ukiziba njia, mota inaweza kuungua.

• Bakuli la mti linaweza kuvunjwa na hewa? Wakerezaji hulishika kwa ombwe ili wamalizie kitako. Kishikio cha kipenyo cha sentimita 15 hulikandamiza kwa kilo 140 hivi. Bakuli likiwa jembamba mno, wao hupunguza nguvu ya pampu.

• Mfuko wa plastiki ukiondolewa hewa hubandika vinia (utandu mwembamba wa mbao) kwa tani 8 kwa kila mita ya mraba? Tena husambaza nguvu sawasawa, hata kwenye umbo lililopinda.

• Ubao uliopinda hudanganya? Ombwe huunyoosha, unaupiga randa ukiwa bapa, ukiuachia unarudi kupinda. Jaza mwanya wa chini kwanza, ndipo uubane.

• Umeme ukikatika, ubao hauachiliwi papo hapo ikiwa kuna tangi la akiba na valvu ya kuzuia hewa kurudi? Muda unaopatikana ni wa kuzima mashine, si wa kumalizia kazi.

Basi fundi, futa vumbi chini ya ubao, tazama geji kabla ya kuwasha routa, na mshale ukianza kushuka, simamisha kazi.