Moshi Uliolala Ndani ya Kinyago

Kinyago cha mbao kilichonunuliwa Bariadi, mkoani Simiyu, mwezi wa saba, jua likiwaka na upepo ukiwa mkavu, huenda kisinuke chochote. Mvua za Novemba zikishaanza, sebule nzima inanuka jiko la kuni. Mnunuzi hudhani kimeoza. Hakijaoza. Unyevu umeingia kwenye vinyweleo vya mbao, na molekuli za maji zimezing'oa molekuli za moshi zilizokuwa zimejishika humo, pengine kwa miaka mingi.

Simiyu ni mkoa wa kuni na mkaa, na vitu vingi vya zamani vimezeekea karibu na mafiga: vigoda, vibuyu, sanamu. Wasukuma walichonga sanamu za kuingia nazo uwanjani wakati wa mashindano ya vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, ili watazamaji wavutwe upande wao. Leo sanamu za aina hiyo zinatafutwa na wakusanyaji, na wengi wao jambo la kwanza wanalotaka ni kuiondoa harufu. Hapo ndipo vitu vizuri huharibiwa.

Moto unapoivunja lignini, dutu inayoshikamanisha nyuzi za mti, huzaliwa fenoli za aina nyingi. Mbili kati ya hizo, guayakoli na siringoli, ndizo hasa zinazoupa moshi wa kuni harufu yake. Husafiri pamoja na masizi, ambayo chembe zake nyingi hazifiki hata mikroni moja, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe ndogo kiasi hicho hupita kwenye kila ufa, kisha lami yake huganda humo. Harufu, basi, ni kitu kilichokaa mahali. Kukipulizia manukato ni kukifunika tu, na kukifukiza udi ni kuongeza moshi juu ya moshi.

Wengi huambiwa wanyunyize bikaboneti, ule unga unaotiwa kwenye maandazi. Unasaidia kidogo, kwa kuwa moshi una asidi ya siki na bikaboneti huizima. Lakini guayakoli ni asidi dhaifu mno. Bikaboneti haina nguvu ya kuigeuza. Magadi, haya ya kulainishia maharage, yana kaboneti, ambayo ni kali zaidi: huigeuza sehemu ya fenoli kuwa chumvi inayoyeyuka majini. Kwa hiyo sanamu ya kauri, kioo au plastiki ifute kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na magadi kidogo, kisha isuuze. Kama ina rangi, jaribu kwanza chini ya kitako.

Moshi wa sigara una kemia nyingine. Nikotini ni besi, kwa hiyo inayoiyeyusha ni siki iliyochanganywa na maji. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba nikotini iliyoganda juu ya vitu hukutana na asidi ya nitrasi iliyomo hewani na kuzaa nitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta saratani. Mdoli wa mtumba unaonuka sigara usimpe mtoto kabla ya kuuosha.

Mbao usiioshe kabisa. Magadi hukutana na tanini zake na kuifanya iwe nyeusi. Maji huivimbisha, na ikikauka inapasuka. Jua kali nalo hupasua mbao na kupausha rangi. Dawa ya mbao ni mkaa. Chukua mkaa mpya, mgumu, ulioiva vizuri: ukigonganisha vipande viwili hutoa mlio wa chuma. Ukung'ute vumbi, uuweke chini ya ndoo kavu yenye kifuniko, funika kwa kitambaa cha pamba, kisha weka kinyago juu yake bila kugusana na mkaa. Vitundu vya mkaa ni vingi ajabu. Ule wa viwandani uliotengenezwa kwa kazi hii huwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500 katika gramu moja. Wa jikoni haufiki huko, lakini molekuli za moshi hushikamana nao vilevile. Fungua kila baada ya siku chache, anika kinyago kivulini penye upepo, badilisha mkaa, rudia. Itachukua wiki kadhaa, kwa sababu harufu ya ndani hutoka polepole.

Weusi wa juu ni suala jingine, na hapa sina mjadala. Wakulima huning'iniza mahindi ya mbegu juu ya jiko kwa kuwa moshi hufukuza wadudu. Masizi ya moshi kama huo yamekilinda kinyago. Pia ni ushahidi wa mahali kilipoishi, na ukishayasugua hayarudi. Ukikuta kinyago cha zamani cha Kisukuma chenye ngozi nyeusi ya masizi, ondoa harufu kwa mkaa na upepo, weusi uuache. Kama una shaka, kipeleke kwanza makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, wakione kabla hujakigusa.